Malalamiko Dhidi ya Asilimia Nne

Kwa Mkuu wa Maabara,

Salamu kwako na kwa wote wanaoinamia hadubini. Mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha chupa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Naandika kwa heshima kuhusu majibu ya kipimo cha mbegu zangu za kiume, ambayo siyatambui.

1. Niliagizwa nikae siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa kabla ya kuleta sampuli. Nilikaa arobaini, ili niwaletee mzigo wa kutosha. Badala ya shukrani, binti wa maabara aliandika kwamba zimekaa mno, zimechoka.

2. Chumba cha kutolea sampuli kimepakana na foleni ya chanjo. Nilifanya kazi yangu nikisikiliza watoto wa wenzangu wakilia.

3. Mwendo: asilimia kumi na nane ndizo zinazosonga mbele. Nyingine nyingi, nanukuu, "zinazunguka palepale". Ukoo wetu hauna watu wa namna hiyo. Kaka yangu ni dereva wa malori.

4. Umbo sahihi: asilimia nne. Kiwandani, zikitoka chupa nzima nne tu kati ya mia, tunazima mitambo. Binti akasema, bila kupepesa macho, kwamba hapo nimefaulu, maana nne inatosha. Nilishindwa kujua nimshukuru au nigome.

5. Alieleza kuwa mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kukomaa, nirudi kupima tena. "Baba, kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu," akasema. Lakini Jumapili dada zangu wanakuja kuamua hatima ya mke wangu, wanayedai hazai, nami nimewahakikishia miaka sita kwamba mimi niko sawa. Hivyo naomba cheti chenye mhuri, kiandikwe "nzuri", bila tarakimu.

Nisalimie wahudumu wote, na mlinzi wa getini ambaye, nilipotoka na majibu, hakuniuliza nimebeba nini mfukoni.

Wako mtiifu,
Mkaguzi wa chupa

Baada ya sahihi: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Mimi nimepimwa mara kumi na moja. Wewe miaka hiyo sita ulipima nini, ukasema tatizo ni mimi?" Tafadhali cheti msikiandike; miezi mitatu nitaingoja. Nimempigia simu dada mkubwa, nikamsomea majibu yangu yote, mstari kwa mstari, pamoja na asilimia.