Ampea Tano na Oveni ya Nuhad

Jumatatu, 17 Aprili 2023
Walioujua umeme vizuri duniani ni wawili: yule aliyeuvumbua, na mimi, Fawaz wa ghorofa ya sita. Yeye keshakufa. Tripoli nzima inanitegemea.

Dada yangu Nuhad, mjane, ameagizwa kilo ishirini za maamul, keki zetu za tende. Idi ni Ijumaa. Umeme wa serikali haujaonekana tangu wiki jana. Tuna ule wa jenereta ya mtaa tu, tunaolipia ampea tano na si zaidi. Akiwasha oveni, swichi iliyo chini ya ngazi inajikata. Tak! Ghorofa sita kushuka, sita kupanda, na mtu umefunga! Nuhad hakulia. Alisema tu kwamba akiwakosesha wateja Idi hii, watahamia sokoni na hawarudi tena, na hana kazi nyingine. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nduguye yupo.

Abu Nizar, jirani wa mlango wa pili, ana ampea kumi na hachoki kuzitaja. Alinikuta ngazini nahema, akauliza mhandisi leo ameshuka mara ya ngapi. Nikamwonyesha vidole vitatu. Pumzi haikuwepo.

Jumanne, 18 Aprili
Nimeifungua oveni. Siri yote ni waya uliojisokota mle ndani. Nikatafakari: mwenye utumbo mrefu hula sana. Basi waya ukiwa nusu, utakula nusu! Profesa gani angewaza hivyo? Nikakata. Nikamwita Nuhad ashuhudie. Akasoma Bismillahi. Nikawasha.

Tak! Si swichi yetu tu. Jengo zima giza, dakika kumi kabla ya futari. Abu Nizar akapaza sauti kutoka ngazini: "Fawaz! Swaumu yangu ikiharibika kwa kukutukana, dhambi ni zako!"

Nuhad alizitazama sinia zake za unga mbichi. Akazifunika kwa kitambaa, moja moja. Afadhali angenipiga.

Jumatano, 19 Aprili
Amekuja Lamis, binti wa Nuhad, mwalimu wa fizikia. Kasikia nilichofanya, kacheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akachukua mfuko wa unga mtupu na kalamu inayovuja.

Oveni ilikuwa inakula ampea tisa. Volti 220 gawa kwa tisa: omu ishirini na nne na ushee. Huo ndio ukinzani wa waya, ule ubishi wake kwa umeme. Nilipoukata nusu, ubishi ukabaki omu kumi na mbili. Gawa tena: ampea kumi na nane! Akasema, "Mjomba, wewe umeuondolea umeme kizuizi, halafu unashangaa umekuja mbio?" Nikamwambia nilikuwa naujaribu.

Kisha akageuza mfuko. Tukiurefusha waya mara mbili, omu zinakuwa karibu arobaini na tisa. Ampea nne na nusu. Zidisha kwa volti 220: wati 990. Oveni itaoka polepole, lakini itaoka, na swichi haitajua!

Niliukodolea macho ule mfuko. Mimi! Umeme hakuna aliyewahi kuuona sura, na huyu binti anautabiri juu ya mfuko wa unga kabla haujafika.

Tatizo: waya wa pili. Oveni mbovu ya aina ileile iko kwenye roshani ya Abu Nizar. Kapanda mrehani ndani yake.

Alhamisi, 20 Aprili
Nimekwenda asubuhi. Abu Nizar akatoa sharti: nisimame mlangoni pake, niseme kwa sauti kwamba kumi ni kubwa kuliko tano. Nilisema. Akataka nirudie, mkewe hakusikia. Nikarudia. Ni kwa ajili ya Nuhad.

Lamis akaviunga vipande vyangu viwili, kisha akauunganisha waya wa pili mwishoni mwake, ukawa mmoja mrefu. Nikapiga kelele wazime friji, wazime taa, wazime kila kitu! Lamis akashika kipimo chake cha shuleni. Nuhad akawasha.

Kimya. Hakuna tak.

Waya ukaanza kuwa mwekundu taratibu, kama uso wa mtu anayekumbuka aibu. Kipimo kikaandika: nne na nusu. Namba ileile ya kwenye mfuko! Subhanallah. Nilivua kofia. Sijui kwa nini, nilivua tu.

Sinia ya mwisho imetoka kwa adhana ya magharibi. Abu Nizar alikuja mwenyewe, kaletwa na harufu.

Ijumaa, 21 Aprili
Idi! Wateja wamechukua maamul zote, na wawili wameagiza tena. Nuhad kanibusu kichwani.

Mkahawani nimewaeleza nilivyogundua ukinzani. Mwenye mkahawa akasema hita yake ya maji nayo inakata swichi. Nikamwambia ni jambo dogo, nitaukata waya. Jumanne nilikosea kwa tamaa tu, nusu ilikuwa nyingi mno. Safari hii nitakata robo. Kesho saa nne.

Jambo moja naliandika hapa kwa kuwa hapasomwi. Juzi Lamis alinipa kalamu nigawe 220 kwa kumi na mbili. Nikamwambia miwani nimeisahau chumbani. Nilikuwa nimeivaa. Kugawanya sijui.