Maziwa Yamevunja Posa Yangu

Wazee, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Kaeni niwaeleze.

Mnamjua Zuhura wa Majengo, binti wa Mzee Salim fundi viatu? Yule niliyewachosha kwa habari zake miaka miwili? Basi leo ndiyo ilikuwa posa. Mama yangu kaja na basi la asubuhi kutoka Nakuru. Juzi nilimpigia simu ya kibandani kumwambia nimepata mchumba, sarafu zikaisha kabla hajauliza ni wa nani. (Kosa la kwanza hilo.)

Tukafika kwa Mzee Salim. Wanaume sebuleni, wanawake chumbani. Ami Juma, msemaji wetu, akapanga maneno kama mwanasheria. Mzee Salim akatabasamu: "Sisi hatuna neno. Kijana tunamjua."

Mara yowe kutoka chumbani! Nikadhani ni vigelegele. (Hata nikarekebisha kofia.) Kumbe wapi! Mama yangu katoka analia, kashikana mikono na mama yake Zuhura.

"Hamisi! Huyu ni Mama Rashidi!"

"Mama, huyu ni Mama Zuhura," nikamwambia taratibu.

"Ndiye huyo huyo! Wakati tukikaa hapa Majengo tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ndiye aliyekunyonyesha nilipolazwa hospitali!"

Maalim wa msikiti, aliyekuja kushuhudia, akaweka kikombe chini.

"Alimnyonyesha mara ngapi?"

"Mara ngapi?" Mama Zuhura akafuta machozi huku anacheka. "Maalim, ni miezi miwili, mchana na usiku! Alikuwa mlafi huyu! Rashidi wangu alibaki kunyonya kidole."

(Mbele ya wazee wote. Mlafi.)

"Naye alikuwa na umri gani?"

"Hata miezi minne alikuwa hajafikisha."

Maalim akashusha pumzi. "Basi posa hakuna. Huyu ni mama yake wa kunyonya. Zuhura ni dada yake. Ni haramu kama dada wa tumbo moja."

Nikaruka kitini. "Maalim, Zuhura kazaliwa miaka minne baadaye! Hatujawahi kunyonya pamoja!"

"Hata angezaliwa jana. Umenyonya kwa mama huyu, wanawe wote ni ndugu zako."

Jamani, mtu akishtuka akili huhama. Sijui ni shetani gani aliushika ulimi wangu. Nilijisikia tu nikisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Basi nipeni Saumu!"

Saumu ni mdogo wake Zuhura.

Ami Juma akanifinya paja mpaka nikaona nyota. Mzee Salim akakodoa macho. Maalim akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Wanawe *wote*, Hamisi."

Nyuma ya pazia wasichana wakaangua kicheko. Halafu kicheko kikakatika ghafla, maana Zuhura mwenyewe alikuwa hapo. Kasikia kila neno.

Maalim na wazee wengine walipotoka kwenda kuswali, akaja. Macho mekundu, birika mkononi. Na kichwa wazi! Miaka miwili sijapata kuona hata unywele wake mmoja, leo kaja na mistari yake mizuri ya kusuka, kwa kuwa mimi si mwanamume wa kujifunikia tena. Ruhusa nimeipata siku ambayo hainisaidii kitu.

Akanimiminia chai pole pole.

"Karibu chai, kaka," akasema. Kisha, chini chini: "Saumu anakusalimu."

Nikainywa yote. Ningefanya nini?

Wewe Ramadhani, unayecheka kwa mabega hapo, posa yako si mwezi ujao? Kabla hujanunua haluwa, kamuulize mama yako ulinyonya wapi.