Mama Mkwe Ndani, Mkurugenzi Dirishani

Jumatatu, 5 Julai 1965

Siku mbaya. Chai haina sukari, shati halina kifungo, na kundi langu la maigizo halina waigizaji.

Kamati ya ukumbi wa Busia imekata shauri. Kundi litakaloshindwa kupanda jukwaani kwenye mashindano ya Tororo, Jumamosi ya wiki ijayo, litanyang'anywa ukumbi. Kundi lenye mashaka ni moja tu. Langu! Na nani anaunyemelea huo ukumbi? Osborn, mwalimu wa kwaya, mtu anayevaa tai hata akienda kisimani. Leo nimemkuta akipima madirisha kwa kamba. Nikamwuliza anapima nini. Akasema mapazia.

Mchezo ninao. Nimeutunga mwenyewe. Bwana harusi anakwenda kuposa, mama wa binti anamtoa jasho. Bwana harusi ni mimi. Mama wa binti ni Nereah, mwigizaji hodari kuliko wote hapa mpakani, pande zote mbili. Lakini Nereah alijifungua mapacha mwezi wa tatu na tangu hapo hajakanyaga ukumbini. Edeku, anayeigiza mshenga, naye amekwama kijijini Kwapa na baba yake, Mzee Egau, ambaye macho yamefifia na hataki kuachwa peke yake.

Huyu ana watoto, yule ana mzee. Sanaa itakwenda wapi? Nimemweleza mke wangu Abbo masikitiko yangu kwa kirefu. Alikuwa anasonga ugali, kitinda mimba mgongoni, wengine wanne wakimvuta gauni. Akasema pole, Baba Athieno.

Jumanne, 6 Julai

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata, lakini wazo ni zuri.

Kama hawawezi kuwaacha watoto na wazee nyumbani, basi waje nao! Kile chumba cha nyuma cha ukumbi, chenye viti vibovu, kitakuwa cha watoto. Nimekipa jina: Chumba cha Faraja. Mzee Egau atawekewa kiti mbele kabisa. Nani mwingine mpakani angefikiria jambo kama hili? Osborn? Thubutu!

Nimevuka upande wa Uganda kumwambia Nereah. Alipoelewa, machozi yalimlengalenga. Akasema tangu ajifungue hajatamka neno zaidi ya "lala" na "nyamaza", na kuna siku huwa anayasema maneno ya mchezo peke yake akianika nepi, ili asiyasahau. Kisha akauliza ni nani atakayewashika watoto. Nikasema mtaalamu.

Hakuna mtaalamu. Nimemwagiza Abbo atafute mwanamke mtu mzima, mpole, aliyezoea watoto, asiyedai mshahara. Abbo akafikiri, akauliza kama ningependa kumwona kwanza. Nikamwambia mkurugenzi hashughuliki na vitu vidogo. Akatabasamu. Ni siku nyingi sijamwona akitabasamu. Bila shaka amefurahi kupewa kazi.

Alhamisi, 8 Julai

Balaa!

Nilifika ukumbini nimechelewa kidogo, kama ilivyo heshima ya mkurugenzi. Kila kitu sawasawa. Nereah yuko jukwaani anajinyoosha viungo. Edeku amefika. Mzee Egau kakaa mbele na fimbo yake. Kutoka chumba cha nyuma inasikika sauti ya mwanamke akibembeleza mapacha. Sauti tamu, nikasema moyoni. Sauti ninayoijua, nikasema tena. Mlango ukafunguka.

Mama mkwe! Mama mzazi wa Abbo, kutoka Petta!

Nilijikuta nje kabla sijaamua kutoka. Nimevunja ndoo ya watu. Maana kwa mila yetu mimi na mama mkwe hatukai chini ya paa moja, hatutazamani usoni, hatusemezani. Tukikutana njiani mimi huingia kichakani, yeye hujifunika kitambaa na kupita. Jambo hili linajulikana kwa kila mtu kuanzia Lunyo mpaka Petta. Abbo analijua kuliko wote!

Nimemwuliza. Akajibu kwa upole kwamba nilitaka mwanamke mtu mzima, mpole, aliyezoea watoto, asiyedai mshahara, na yeye katika dunia hii anamjua mmoja tu. Nimfukuze mama mkwe? Ukoo mzima wa Petta utakuja kunikalia kikao. Halafu ningemfukuza kwa maneno gani, na mimi siruhusiwi kusema naye?

Jumamosi, 10 Julai

Nimeongoza mazoezi kutoka dirishani. Nje. Juu ya debe.

Edeku amesoma sehemu yangu na yake pia. Anajiposea mwenyewe. Mzee Egau hajaelewa kwamba huu ni mchezo. Kila bwana harusi akiahidi ng'ombe, mzee anagonga fimbo chini na kupiga kelele: "Mama, angalia! Huyu mutu nadanganya! Ng'ombe hana!" Nimeomba anyamazishwe. Nereah amesema abaki, anamtia moto.

Kisha mama mkwe akatuma ujumbe kupitia kwa Nereah. Eti yule mama wa kwenye mchezo anasema mno. Mama mkwe wa kweli hasemi. Anatazama viatu vya mkwe, basi. Nereah akajaribu. Akamtazama Edeku viatu, polepole, mpaka Edeku akaanza kuvificha kimoja nyuma ya kingine. Wote walicheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba nimekasirika.

Mvua ikanyesha. Osborn akapita na mwavuli, akauliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia huu ni mtindo mpya wa ng'ambo. Akauliza kama huko ng'ambo hawana viti.

Jioni nimefanya mazoezi jikoni. Abbo, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, akaniambia nimeruka mstari. Kumbe anaujua mchezo wote! Zamani, kabla sijamwoa, alikuwa akiigiza Tororo, na watu wa Petta walikuwa wakija kwa miguu kumtazama. Lakini hayo yalipita, sasa ana mengi ya kufanya. Nikamwomba chumvi.

Jumatano, 14 Julai

Hila yangu ya leo ilikuwa kali. Nimemwambia kondakta wa basi la Tororo alete habari kwamba ngedere wamevamia shamba la wimbi la mama mkwe. Mwenye shamba akisikia hivyo hawezi kukaa.

Habari ilifika mchana. Mama mkwe akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kupitia kwa Abbo kwamba wimbi lake limekwisha kuvunwa. Alikuja na gunia zima. Uji nilioumaliza leo asubuhi, bakuli mbili, ndilo hilo wimbi.

Nimesalimu amri. Tumekubaliana hivi: Tororo, mama mkwe atakaa chumba cha nyuma na watoto, mlango umefungwa. Mimi nitapitia mbele. Hatutaonana.

Jumamosi, 17 Julai

Naandika mguu ukiwa ndani ya karai la maji ya chumvi. Nitaeleza kwa utaratibu.

Asubuhi, tukiwa tunapanda basi, habari ikaja kutoka kwa Nereah. Pacha mmoja amechemka mwili, yeye yuko naye hospitali. Si hatari, lakini hawezi kumwacha. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Nikauona ukumbi umejaa mapazia ya Osborn.

Abbo akasema maneno ya mchezo anayajua. Nikamwambia haiwezekani, watoto watashikwa na nani? Akasema na mama yake, kama walivyoshikwa wiki nzima. Nikasimama, nikajipangusa vumbi. Alikuwa ameshapanda basi.

Ukumbi wa Tororo ulijaa hadi madirishani. Nikaingia na Edeku kuposa. Abbo akatoka na kitambaa kichwani, akasimama. Hakusema kitu. Akatazama viatu vyangu. Cha kulia, kisha cha kushoto, kisha akarudi cha kulia kama mtu asiyeamini. Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikasahau maneno. Yaani sikuyasahau, nilimpa mwenzangu nafasi.

Ndipo Abbo akasema neno lake la kwanza, na kitinda mimba wetu, huko nyuma, akaisikia sauti ya mama yake. Akalia. Akalia kweli! Mlango wa chumba cha nyuma, kumbe, unafungukia jukwaani. Ukafunguka. Mama mkwe akatoka na mtoto mikononi, akatazamana nami uso kwa uso, mbele ya Tororo nzima.

Dirisha lilikuwa wazi, namshukuru Mungu. Nikapita. Nje kwaya ya Osborn ilikuwa imejipanga ikingoja zamu yake, na mimi nikamwangukia Osborn mwenyewe. Tai yake haitavaliwa tena.

Nikiwa pale chini nikamsikia Abbo ndani, akimnyonyesha mtoto, akiwaambia watu, "Mumeona mkwe tuliyeletewa? Hajaulizwa hata ng'ombe, amekimbia!" Na Mzee Egau akigonga fimbo: "Nilisema! Mimi nilisema!" Kicheko kile kilitikisa bati. Edeku ananiambia Abbo aliendelea peke yake, akatunga yake mpaka mwisho, na hakuna aliyetaka amalize.

Tumeshinda. Kikombe ni chetu!

Jumapili, 18 Julai

Kanisani wote wamempongeza Abbo. Ajabu jinsi watu wasivyoona chanzo cha mambo. Nani alitunga? Nani alianzisha Chumba cha Faraja? Nani aliruka?

Mchana Abbo amekaa na kile kikombe mapajani, hakuosha hata sahani moja. Halafu akalia. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni kwamba alidhani vilikwisha. Nikamwuliza vimekwisha vitu gani. Akakikumbatia kikombe. Nimekwenda kutazama jikoni: unga upo, mafuta yapo. Sukari kweli hakuna. Nitanunua.

Ijumaa, 23 Julai

Maisha yamekuwa magumu mno. Abbo na Nereah wamealikwa kuigiza Mbale. Pacha amepona, na kila siku alasiri wawili hao na Edeku wako mazoezini. Mama mkwe amerudi Petta kutwanga. Watoto watano nimeachiwa mimi! Mmoja amekunywa wino. Mwingine amekalia tamthilia yangu mpya, na hakuwa mkavu. Tangu Jumatatu sijaandika hata mstari. Hakuna anayemfikiria msanii mwenye watoto.

Nereah amepita leo, akanionea huruma. Akasema niwalete watoto ukumbini, chumba cha nyuma bado kipo, tutapokezana kuwashika. Nikamwambia kwa upole kwamba ukumbi si mahali pa watoto. Sanaa inataka utulivu.

Alipoondoka nilimtazama kupitia dirishani, mapacha wakimchekea, naye akiwaimbia barabara nzima, na papo hapo wazo likanijia. Wazo kubwa kuliko yote! Ni mwanamke mtu mzima. Ni mpole. Amezoea watoto. Mshahara hatadai. Nereah akiachana na jukwaa na kukaa hapa na hawa wangu watano pamoja na mapacha wake, mimi nitarudi kwenye kazi yangu ya sanaa.

Nitamwambia kesho asubuhi. Najua atafurahi mpaka machozi yamlengalenge, kama siku ile.