Katibu wa Kampuni Isiyokuwepo

Siku Mzee Saruji alipomnyima pesa, Mkurugenzi alitoka dukani kwake akitabasamu, maana alikuwa ameambiwa jinsi ya kuzipata.

Ukurugenzi alijipa mwenyewe, baada ya kungoja miaka kadhaa bila mtu kujitokeza kumpa. Kampuni yake, Kesho Njema na Wenzake, ilikuwa na cheti cha usajili, akaunti benki, na karatasi zenye picha ya jua likichomoza. Ilishughulika na "uagizaji na usambazaji wa bidhaa mbalimbali", maneno aliyoyapenda kwa kuwa hayakumlazimisha kuagiza wala kusambaza chochote.

"Faida mara tatu kwa miezi sita, nani asiyetaka?" Mzee Saruji alikuwa amemwambia, akiegemea mifuko iliyompa jina lake. "Lakini katibu wa kampuni yako ni nani?"

"Katibu?"

"Mwaka juzi nililiwa pesa na watu waliojidai wachimba visima. Nikaenda kwa wakili, akaniuliza, katibu wao nani? Kumbukumbu za mikutano ziko wapi? Nikabaki natoa macho. Safari hii, kijana, niletee katibu mwenye sifa. Aliyesoma, akafaulu, ana cheti na muhuri. Yeye akitia sahihi, na mimi naingia."

Basi kilichobaki kati ya Mkurugenzi na pesa kilikuwa cheti cha mtu mwingine. Na vyeti mjini vilikuwa tele, vinatembea juani ndani ya bahasha za kaki vikitafuta kazi.

Tangazo alilibandika ukutani penye duka la kupigia chapa. Usaili ulifanyika makao makuu ya kampuni, yaani chumba cha ushonaji cha dada yake, ambako Mkurugenzi alilala kwenye kochi tangu alipofukuzwa alikopanga. Cherehani aliifunika shuka jeupe. Sanamu ya kupimia nguo aliivisha koti ikawa kama mlinzi.

"Leo unamwibia nani?" dada alimuuliza, pini mdomoni.

"Dada, haya maneno gani? Naajiri watu."

Dada akatoa pini. "Kweli, mdogo wangu? Kazi kabisa?" Macho yake yalikuwa na tumaini kiasi kwamba Mkurugenzi alilazimika kuichunguza kola yake.

Maana dada ndiye "Wenzake". Sheria ilidai wakurugenzi wawili, naye alitia sahihi palipoonyeshwa kidole. Hata hisa zote Mkurugenzi aliziandika kwa jina la dada. Huo aliuona ndio ufundi wenyewe: siku mambo yakiharibika, mlango utakaogongwa uwe wa fundi cherehani, yeye akiwa ng'ambo ya mpaka.

Mwombaji wa kwanza alikuja na cheti ambacho wino wake ulipaka kidole. Mkurugenzi alikitazama, akamtazama mwenyewe, wakatambuana.

"Hiki umechapa asubuhi hii," alisema.

"Na wewe hiyo kampuni umeichapa lini?" mwenzake akajibu, wakaagana kwa heshima ya watu wa fani moja.

Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, viatu bapa, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuwa katibu wa kiwanda kwa miaka kumi na mmoja mpaka kikafungwa. Cheti chake kilikuwa halisi mpaka kikamtia Mkurugenzi aibu kidogo.

"Una swali, mama?"

"Katiba ya kampuni iko wapi?"

Mkurugenzi alimpa. Alikuwa amenakili ya kampuni nyingine, neno kwa neno, bila kuisoma. Mama Katibu aliisoma yote pale pale, dakika arobaini, midomo ikicheza.

"Humu mnamiliki meli," alisema mwishoni.

"Tunatazama mbali."

"Sawa. Mikutano ya wakurugenzi ni kila Jumatatu, saa nne. Nitaleta taarifa kwa maandishi, kila mkurugenzi atie sahihi kwamba ameipata."

"Lete chochote, mama. Mimi kutia sahihi sina uvivu."

Hilo lilikuwa kweli. Katika maisha yake Mkurugenzi alikuwa amewafanya watu watie sahihi mambo ambayo hawakuyasoma, akawacheka moyoni kila mara. Haikumpitia akilini kwamba na yeye hakuwahi kusoma kitu.

Mama Katibu aliajiriwa, akatia muhuri mkataba, Mzee Saruji akaubusu kwa macho, akatoa cheki. Lakini kwa kuwa aliwahi kuliwa, aliiandika tarehe ya mwisho wa mwezi.

Wiki nne! Mkurugenzi alizitumia kujiandaa. Jumatatu ya kwanza alikuwa anachagua begi lenye magurudumu. Ya pili alikuwa kituo cha mabasi akiulizia ratiba za kwenda mbali. Ya tatu alilala tu, nyumbani kwa rafiki, kwa sababu dada alikuwa ameanza kumpikia uji asubuhi na kumwita "bosi wangu", naye hakuweza kuunywa akimtazama usoni. Kila taarifa ya mkutano ilipomfikia, aliitilia sahihi yenye mikia miwili na kuirudisha. Kwamba watu wazima wangeweza kweli kukaa kwenye viti na kufanya mkutano, hilo halikumwingia akilini.

Mwisho wa mwezi alifika benki na begi lake.

"Samahani, bwana," alisema karani wa dirishani. "Sahihi yako haitumiki tena kwenye akaunti hii. Kuna barua ya katibu wa kampuni."

Mkurugenzi alikwenda makao makuu kwa mbio ambazo suti yake haikushonewa. Mlangoni alisimama. Ndani mlikuwa na cherehani nne mpya na marobota ya kitambaa cha buluu. Mzee Saruji alikuwa anahesabu vifungo, sanamu imevuliwa koti na kuvikwa sare ya shule.

"Wezi!" alipiga kelele Mkurugenzi, neno ambalo hakuwahi kulitumia kwa upande huo.

"Kifungu cha kumi na tisa," alisema Mama Katibu bila kuinua kichwa. "Mkurugenzi akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa, ameacha kiti chake. Taarifa zote tatu ulizipata. Sahihi yako ni nzuri sana."

"Kampuni ni yangu!"

"Hisa zote uliniandikia mimi," alisema dada, taratibu, huku akishona. "Mama Katibu alinisomea, ukurasa kwa ukurasa. Akanieleza na kwa nini mtu huandika hivyo." Mguu wake uliacha kukanyaga cherehani. "Polisi wangekuja hapa, siyo? Wangenikuta mimi, na uji wako jikoni."

Mkurugenzi alilificha begi nyuma ya mgongo.

"Shule mbili zilikuwa zinanisumbua na sare, na mashine nilikuwa nayo moja," dada aliendelea. "Mzee tulimwambia yote, akaandika cheki nyingine ya siku ile ile, na hisa zake amepata."

"Nilitaka kumtia pingu kijana huyu," alisema Mzee Saruji, "lakini sare zina faida."

Dada alisukuma karatasi mezani. "Tunahitaji mtu wa kuzunguka mashuleni kuongea. Mdomo unao."

Mkurugenzi alishusha begi. Akachukua kalamu, akafunua moja kwa moja ukurasa wa mwisho kama alivyozoea. Mkono wa Mama Katibu ukafunika mahali pa sahihi.

"Kwanza usome."

Akakaa chini ya sanamu, akasoma. Ilimchukua muda, midomo ikicheza. Ukurasa wa tatu akasimama, akakunja uso, akaurudia mstari ule mara mbili.

"Dada, hapa pameandikwa nitalipwa kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao sijamdanganya mtu. Huu ni mtego gani?"

"Huo ni mshahara, mdogo wangu," alisema dada, na cherehani ikaanza tena. "Endelea kusoma. Tunakungoja."