Jitihada za Kukutwa Nyumbani

Jumatatu, 3 Julai
Siku ya thelathini na mbili. Zimebaki kumi na tatu.

Manispaa ya Monterago, huku Italia, ina siku arobaini na tano za kumtuma askari wake aje aone kwa macho kwamba mimi, Howard Tranter, mstaafu wa kampuni ya bima huko Kettering, Uingereza, na mke wangu Gillian tunaishi kweli katika nyumba tuliyoinunua. Hatoi miadi. Anakuja tu, anabisha. Akikukuta, umekuwa mkaazi: una daktari, una kitambulisho, unaweza kununua gari kwa jina lako. Akija mara tatu asikukute, faili linafungwa, unarudi kwenye foleni ya kwanza na picha nne ndogo mkononi.

Letu lilishafungwa mara moja, mwezi wa tatu. Tulikuwa tumekwenda kuangalia vigae. Jana Gillian alisema, kwa ile sauti yake ya upole ninayoiogopa, kwamba likifungwa tena tunauza nyumba na kurudi kwa dada yake Kettering. Hakugomba. Alikuwa anakunja mataulo.

Kettering! Baada ya kuuona mlima huu kila asubuhi!

Lakini safari hii nina mpango. Tunakaa zamu. Mimi saa mbili hadi saa sita barazani, na gazeti, nionekane kutoka barabarani. Gillian saa tisa hadi jioni. Katikati tuko huru, kwa sababu Desmond Haddow kasema. Desmond ni Mwingereza mwenzetu wa kule juu. Ana miaka kumi na moja hapa na kofia ya majani inayomkaa kuliko yangu inavyonikaa. Alinipigapiga begani, akaniambia saa saba mchana Italia nzima imekufa, hata askari wamekufa, basi hiyo ndiyo saa ya mjanja kufanya shughuli zake.

Saa saba tukashuka mjini. Kweli tupu. Sijapata kuona kitu kama kile! Uwanja mzima kimya, jua limesimama wima, paka mmoja tu. Na kutoka kila dirisha, nyuma ya vibao vilivyofungwa, mlio wa uma na sahani, na harufu ya mchuzi inayokaribia kukupigisha magoti. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia kanisani kwa bahati mbaya. Gillian akaniambia nifunge mdomo.

Duka la vifaa limefungwa. La dawa limefungwa. Hatukufanya shughuli hata moja.

Jumanne, 4 Julai
Msiba. Tumerudi saa nane kutoka baharini (maji kama kioo, ufuko wote wetu, watu wote walikuwa wamekwenda kula). Mlangoni kuna karatasi. Mhuri wa Manispaa. "Nimepita. Sikukuta mtu. Baldoni, askari."

Saa haikuandikwa. Nimekaa barazani asubuhi nzima, shingo imeungua upande mmoja. Alipita wapi? Lini? Gillian amesoma karatasi mara mbili, akaibandika kwenye jokofu.

Nimekwenda kumuuliza jirani, Bi Ersilia. Ana miaka sabini na tisa. Nyumba yake na yetu zinatazamana, ua wetu ni mmoja. Nikamuuliza kama alimwona askari. Akasema gari alilisikia ila alikuwa anatoa tambi kwenye maji, na tambi, mwanangu, haziachwi kwa ajili ya serikali. Kisha akaniuliza kwa nini juzi tulikula mayai usiku, tena ya kukaanga, mtu wa umri wangu.

Amejuaje? Madirisha yalikuwa yamefungwa! Mwanamke huyu angeendesha idara nzima ya upelelezi akiwa jikoni kwake.

Alhamisi, 6 Julai
Mpango wa pili. Wa kitaalamu zaidi.

Nimeandika tangazo, nikalibandika mlangoni, kwa Kiitaliano changu mwenyewe bila msaada wa Desmond: "Mheshimiwa Afande. Samahani sana kwa kutokuwepo. Tumetoka saa sita na nusu na tutarudi saa nane na robo. Tafadhali samahani kwa usumbufu. Ukipenda kukaa, kuna kiti. Maji yako kwenye jagi. Samahani tena. Familia Tranter, ambao wanaishi hapa."

Nimepigia mstari neno "wanaishi".

Pia nimeanika suruali zangu za ndani zote mbele ya nyumba, upande wa barabara. Ushahidi wa maisha. Gillian akaanua zake.

Bi Ersilia alikuja kulisoma tangazo, miwani mkononi. Akanitazama muda mrefu. Akauliza hii barua ya mwaliko nimewaandikia wezi wa Monterago peke yao, au na wa vijiji vya jirani nao wanakaribishwa? Na kiti nimewawekea! Nikamweleza kwamba kwetu adabu ndiyo msingi wa mambo yote. Akasema anaona.

Ijumaa, 7 Julai
Tangazo limeondoka. Kiti kiko, jagi liko, halina maji. Na karatasi ya pili: "Nimepita. Sikukuta mtu. Nashukuru kwa maji. Baldoni."

Amekunywa maji yangu! Amekaa kwenye kiti changu! Nami nilikuwa foleni ya duka kubwa la barabara kuu, ambako hakukuwa na foleni, wala mtu, nikijisifu.

Imebaki mara moja.

Gillian leo kampigia dada yake simu. Nimesikia neno "chumba cha wageni". Vidonge vyake vya presha vimebaki vya wiki mbili, na bila karatasi hatuna daktari wa kumwandikia vingine. Nimetoka nje kuangalia mlima. Ulikuwa wa zambarau, na mistari ya alizeti chini yake hadi upeo wa macho. Niliwaza: Howard, umepewa haya yote, nawe unayapoteza kwa sababu ya kubisha hodi.

Jumatatu, 10 Julai
Nilikwenda kwa Desmond kuomba ushauri. Hayupo, yuko Kornwali, Uingereza, mwezi mzima. Nikaenda kwa Bi Ersilia, mikono nyuma kama mwanafunzi.

Alikuwa anamenya maharagwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, zamu, baraza, tangazo, kila kitu. Kisha akauliza jambo moja: saa saba mchana huwa tuko wapi?

Nikasema nje. Ndiyo saa ya watu huru.

Akaacha maharagwe. Akamwita mkwewe aje asikie. Akanifanya nirudie. Wote wawili wakanitazama kama watu wanaomtazama ng'ombe juu ya paa.

Basi akanieleza, polepole, kwa maneno mepesi. Asubuhi mtu anaweza kuwa popote: kazini, sokoni, kwa daktari. Jioni vilevile. Lakini saa saba mchana mtu yuko mezani kwake. Mwenye kazi anarudi, mwenye shule anarudi, hata mwenye mchepuko anarudi. Askari akitaka kujua nani anaishi wapi, anakwenda saa gani? Asiyekuwa nyumbani saa saba, mwanangu, hana nyumba.

Nilikaa chini kwenye debe la zeituni. Miaka thelathini na mmoja nimepima hatari za watu kwa majedwali, na sijawahi kuona kipimo safi namna ile. Hakuna fomu. Hakuna picha ndogo. Sahani tu, iko au haipo! Nilitaka kuuvulia kofia mji mzima. Lakini nilikuwa nimeiacha ufukoni.

Jumanne, 11 Julai
Saa saba mezani. Kitambaa cheupe. Shati la pasi. Mkate wa jibini na tango. Tumekaa mpaka saa tisa, hatujathubutu hata kwenda msalani. Hakuja.

Gillian akasema mkate wa jibini hauhesabiki kuwa chakula cha mchana nchi hii, hata akija atatuandikia kwamba tuko safarini. Alikuwa anatania, lakini amenipa wazo.

Jumatano, 12 Julai
Naandika mkono ukiwa na bandeji.

Wazo lilikuwa harufu. Nyumba zote za Monterago zinanukia saa hiyo isipokuwa yetu. Askari ana pua. Kwa hiyo saa sita nikaweka sufuria: mafuta, vitunguu, vitunguu saumu vichwa vitatu, moto mdogo, dirisha wazi, na feni nyuma yake ikipuliza kuelekea barabarani. Kisha nikapanda juu kupiga shati pasi.

Feni ilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Iliusukuma moto kwenye kitambaa cha sahani.

Nilichosikia kwanza ni Bi Ersilia akilitaja jina la Bikira Maria pamoja na langu. Nilipofika chini alikuwa ameshaingia, taulo bichi begani, sufuria limeshatupwa uani, feni imeng'olewa kwenye ukuta. Jikoni kweusi mpaka kwenye dari. Nikaliokota sufuria uani, likaniunguza mkono. Gillian akanifunga bandeji. Saa saba kasoro dakika kumi.

Nikasema tutakaa humohumo, na moshi. Bi Ersilia akasema humo hatakaa hata kuku. Akamshika Gillian mkono, akanishika mimi shati, akatuvusha ua, akatukalisha.

Ile meza! Milango miwili imelazwa juu ya mapipa, chini ya mzabibu. Watu kumi na mmoja wa ukoo wake, na hakuna aliyeuliza tumefikaje. Walisogea tu kama maji. Tambi alizozikata mwenyewe alfajiri. Sungura wa kuoka aliyejazwa majani ya shamari. Nyanya zilizokatwa, basi, nyanya tupu, lakini nilipoweka kipande mdomoni nikafumba macho. Sijui huko Kettering tulikuwa tunakula nini miaka yote ile tukikiita nyanya.

Saa saba na dakika tano, gari. Buti kwenye changarawe. Mtu anabisha mlango wetu, ng'ambo ya ua. Mlango wa nyumba isiyo na mtu. Mara ya tatu.

Nikaruka. Bi Ersilia akanikandamiza bega. Kaa, akasema, kinapoa. Kisha, bila kugeuka, akapaza sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka baharini:

"Baldoni! Unabisha nini huko, hakuna mtu! Wako huku wanakula!"

Akaja. Mnene kidogo, masharubu, daftari kwapani. Akavua kofia kwa ajili ya sungura. Akauliza kama mimi ndiye Tranter. Nikasema ndiye, samahani. Akasema sheria inamtaka mtu akutwe nyumbani kwake; mbona hatuli kwetu?

"Kwao kumeungua," Bi Ersilia akajibu. "Wewe ulishamwona mgeni wa hoteli akiunguza jiko lake mwenyewe?"

Baldoni akatafakari. Akafungua daftari. Ndani, limekunjwa vizuri, tangazo langu! Akalisoma lote kwa sauti mbele ya meza nzima, kiti, jagi, samahani tatu. Watu walicheka mpaka mtoto akaanguka benchi. Akasema ana miaka ishirini na sita kazini na hakuna mtu aliyewahi kumwomba radhi kwa maandishi, amemwonyesha mkewe.

Kisha akamgeukia Gillian. Swali moja. Taka za plastiki zinachukuliwa siku gani?

Mimi sijui!

"Alhamisi," Gillian akasema palepale. "Ziwekwe nje kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Na wale wa nyumba ya buluu wanaziweka tangu Jumanne, paka wanazitawanya mpaka kwetu, nimeshawaambia mara mbili, ni aibu."

Baldoni akaweka kalamu kwenye karatasi.

"Huyu anaishi hapa," akasema. Akatia sahihi. Akanitazama mimi. "Na huyu yuko naye."

Bi Ersilia akampa sahani. Gillian alikuwa ameinamia tambi zake bila kula. Nilidhani moshi umemwingia machoni. Akanishika kidole kisicho na bandeji, chini ya meza, akakishikilia mpaka matunda yakaja. Juu ya mzabibu mlima ulikuwa palepale. Kettering haikutajwa tena.

Alhamisi, 20 Julai
Sisi ni wakaazi! Gillian ana daktari. Mimi nina wanafunzi.

Ni Alastair na Prue Wickens wa Leicester, wamenunua nyumba chini ya makaburi. Siku yao ya tisa ya kumngoja askari, nao wanatetemeka kama sisi zamani. Nimewachukua chini ya uangalizi wangu. Desmond hayupo, mtu lazima aongoze.

Gillian alisema niwaambie habari ya saa saba na niishie hapo. Nikamweleza kwa upole kwamba Bi Ersilia ni mwanamke wa ajabu, nitambusu mikono mpaka nife, lakini uchambuzi si fani yake. Tuangalie ushahidi. Baldoni alitukuta hatupo nyumbani, akatupitisha! Kwa hiyo kuwepo siyo siri. Alichokuwa nacho kwenye daftari ni nini? Tangazo langu. Mtu hatembei na karatasi siku tano bila sababu.

Gillian akasema anakwenda kula kwa Ersilia.

Basi nimewaandikia akina Wickens tangazo jipya, bora zaidi, samahani tano, na limau kwenye jagi. Tukalibandika. Kisha, ili wasikae na wasiwasi, nikawapakia garini saa saba kasorobo tukateremka baharini. Barabara tupu. Alizeti pande zote mbili, maelfu, zote zimetugeuzia uso. Prue alishindwa kusema. Nikamwambia hata mimi, kila siku.

Penye kona ya makaburi tulipishana na gari moja tu, likipanda. Baldoni! Nikapiga honi, nikampungia mkono. Naye akapunga, akitingisha kichwa kwa furaha.

Mtu mwema kweli. Mchana huu, joto hili, wenzake wote wako mezani, na yeye bado anahangaika. Sijui alikuwa anakwenda kwa nani.