Siku Fundi Alipokataa Kushukuru

Sogeeni, enyi wote mliowahi kukaa kikaoni hadi miguu ikafa ganzi, msikie habari za Fundi Cherehani, mshona mashuka, shujaa wa kalamu ya buluu, aliyelazwa mara mbili katika kituo cha wagonjwa wa akili, mara mbili akatoka kwa miguu yake, kisha akateuliwa mjumbe wa bodi ya kituo hichohicho, ili ulimwengu ujue kwamba wagonjwa nao wanashirikishwa.

Naam, alishirikishwa. Alipewa kiti cha plastiki mlangoni, soda ya moto, na nafasi ya mwisho kwenye ajenda, ile ya Mengineyo, iliyofikiwa daima Mwenyekiti akiwa ameshashika funguo za gari. Vikao vitatu Fundi aliomba jambo moja: komeo la ndani kwenye bafu la wanawake, maana wenzake wodini huoga mguu mmoja umeuzuia mlango. Na vikao vitatu muhtasari, ambao Katibu, jemadari wa mihuri, huuchapa kabla ya kikao ili kuokoa muda, ulinena: "Mwakilishi wa wagonjwa alishukuru."

Kikao cha nne, karatasi ikamfikia asaini. Shujaa akachomoa kalamu kama upanga alani, akalikata neno "alishukuru" kwa mstari mnyoofu kama pindo la shuka. Mhasibu akasahau kutafuna. Katibu akalalamika kwamba karatasi imechafuka, na wafadhili hawapokei muhtasari usio na saini ya mgonjwa.

Mwenyekiti akalainisha sauti, kama anayembembeleza mtoto. "Mama, leo umemeza dawa?"

"Nimemeza, baba, saa mbili, baada ya chai. Wewe muhtasari umeusoma?"

Simba wa bodi akatazama funguo zake.

"Basi sikieni, waheshimiwa," akasema Fundi. "Saini yangu mnaihitaji, maneno yangu hamyataki. Vinakwenda pamoja, au vyote naondoka navyo."

Mwenyekiti akaguna, akamwambia Katibu aandike anachotaka huyu mama, watu waende. Na Katibu, kwa uchungu wa kuandika jambo lililotokea kweli, akaandika: "Mwakilishi hakushukuru. Aliomba komeo."

Komeo likaja Alhamisi, limekazwa kwa skrubu mbili badala ya nne. Na asubuhi ya Ijumaa, enyi vizazi vijavyo, mwanamke mmoja wa wodini alijifungia bafuni, akaoga miguu yote miwili ikiwa chini.