Simu Iliyokataa Kufa

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kaja na simu mpya. Hakusema amekuja kuionyesha. Alisema amekuja kumjulia hali dada yake, kisha akaiweka katikati ya meza, ili hata asiyetaka kuiona aione. Inafunguka kwa kumtazama usoni. Uso wenyewe ule wa Shemeji! Mimi nikiuona hufunga mlango.

Akaniomba nimtumie picha ya kochi ninalolishona. Anajua fika simu yangu haipigi picha. Ina vibonyezo, tochi, basi. Nikamwambia kazi nzuri haihitaji picha. Alicheka mpaka akapaliwa.

Alipoondoka nikamweleza mke wangu, kwa utaratibu na kwa ushahidi, kwamba fundi wa makochi asiye na simu janja ni sawa na kinyozi asiye na kioo. Wateja wa leo huchagua kitambaa kwa picha. Alinisikiliza huku anakunja nguo. Yeye ndiye mshika mkoba wa nyumba hii. Yeye mwenyewe anatumia simu ya vibonyezo, nzito kuliko yangu na kongwe kuliko ndoa yetu.

"Hatununui ya pili na ya kwanza inapumua," akasema.

Sawa. Sheria nimeielewa. Basi haitapumua.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi kiwiko changu kimeisukuma kutoka meza ya kazi. Bahati mbaya kabisa! Sakafu ya karakana ni saruji tupu. Ikasambaratika: mfuniko kule, betri chini ya cherehani, kiwiliwili mlangoni. Nikainamisha kichwa kama mfiwa. Mke wangu akatoka jikoni, akaokota, akabandika hiki juu ya kile. Ikawaka. Hata tochi, iliyokuwa imeharibika tangu mwaka juzi, ikawaka.

Mchana ikatumbukia kwenye ndoo ya nguo. Nilisikitika kwa sauti, nikaiacha izame vizuri. Mke wangu akaiopoa, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaianika dirishani. Jioni ikaita. Alikuwa Shemeji, anauliza kama bado ninayo ile simu yangu. Sauti yake niliisikia safi kuliko siku zote. Nadhani sabuni imezibua kitu.

Kidude hiki kina roho ya paka.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya kwa maendeleo ya sayansi.

Shemeji kaja shavu limemvimba kama anaficha andazi. Jino. Na simu yake haimtambui! Aliiinua, akaishusha, akasogea kwenye mwanga, akajaribu kutabasamu upande mmoja. Imekataa katakata. Ipo namba ya siri, lakini aliiweka siku ya kwanza na hajaikumbuka tena. Basi akaazima yangu, akampigia daktari wa meno kwa namba iliyoko kwenye kadi. Mbele ya mke wangu! Nilimkonyeza atumie ya dada yake. Hakuelewa. Ndiyo kwanza akaisifu yangu, kwamba inasikika vizuri.

Mke wangu aliendelea kuosha vyombo huku anaimba. Akiimba namna ile, hoja yangu imekwisha.

Hata hivyo nimeokota jambo moja. Simu ya Shemeji iliomba chaja kabla ya chakula cha mchana, na jioni ilikuwa imezimika kabisa. Kumbe simu haihitaji kuuawa. Ukiiacha peke yake siku moja, inakufa yenyewe. Inabaki kupata mahali pa kuiacha.

Ijumaa, 7 Machi

Mahali nimepapata.

Nilikuwa namalizia kochi la Mwalimu Mkuu. Amestaafu siku nyingi, lakini akipita mtaani watu wazima bado huchomekea shati. Kochi ni la watu watatu, nimelibadilisha kitambaa na sponji. Kabla ya kufunga mgongo nikaitia simu ndani, katikati ya sponji, nikashona mshono maradufu.

Nimeulizana na dhamiri yangu. Kutupa mali ni ubadhirifu. Lakini mali ikisahaulika kazini, hiyo ni ajali, na ajali haina kinga. Dhamiri imeridhika.

Nakiri niliona uchungu kidogo. Tumekuwa pamoja muda mrefu, na haijawahi kunidai chochote zaidi ya chaji mara moja kwa wiki. Niliiviringisha kwanza kwenye kipande cha sponji laini, isiumizwe na springi. Kisha nikajikaza kisabuni, nikapeleka kochi kwa mkokoteni. Mwalimu Mkuu alilikagua kila pembe, akasema nimejitahidi. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Jioni nimemtangazia mke wangu kwamba simu imepotea. Nimeweka mkono shavuni. Akasema pole. Pole tu! Nimelala usingizi wa mtoto.

Jumamosi, 8 Machi

Mambo hayaendi.

Mke wangu ameamka na simu yake mkononi. Anaipigia ile iliyopotea. Inaita! Nilimwambia haiwezekani, simu zote hufa jioni. Akaniuliza nimelijua lini hilo. Akapiga tena baada ya chai. Ikaita. Akapiga akichambua mchele. Ikaita. Anasema lazima imeokotwa na mtu mwema asiyejua kubonyeza, na akizidi kumpigia atajifunza.

Shemeji amekumbuka namba yake ya siri, na yeye kajiunga. Wanapokezana. Sijawahi kutafutwa na watu wengi hivi maishani mwangu.

Nimemshauri mke wangu awe na moyo wa kukubali yaliyotokea. Akanitazama kwa jicho la pembeni.

Jumapili, 9 Machi

Mwalimu Mkuu amekuja kwa miguu. Mwenyewe! Nilichomekea shati.

Alikaribishwa, akakaa, akamweleza mke wangu kwamba ana shida na kochi. Linalia. Tangu jana linalia, linanyamaza, linalia. Alidhani ni panya, akalitikisa. Halafu akaamua kunipigia fundi alalamike. Hapo ndipo lilipolia zaidi. Alipokata, likanyamaza. Alipopiga, likalia. Nilijaribu kusema kwamba springi mpya huimba mpaka zizoee. Hakunitazama.

"Nimefundisha sayansi maisha yangu yote," akamwambia mke wangu. "Nikarudia jaribio, jibu likawa lilelile."

Mke wangu akaweka kikombe chini taratibu sana.

"Baba watoto, chukua mkasi."

Tulikwenda watatu, mimi nyuma. Shemeji tukamkuta njiani, akafuata bila kualikwa, maana aibu ya mwenzako haikosi watazamaji. Mke wangu akapiga. Kochi likaita kwa furaha kabisa. Nikafumua mshono wangu mwenyewe mbele ya watu, na mshono ulikuwa mzuri, ulinitoa jasho. Simu ikatoka ikiwa imebakiza chaji ya kutosha siku mbili.

Nikaeleza kwamba ilinianguka nikiwa kazini. Mwalimu Mkuu akaifungua ile sponji, akaigeuza huku na huku.

"Imeanguka," akasema, "ikajiviringisha, ikajilaza katikati, ikajishonea?"

Nimeaibika. Nasema kweli, nilitamani niingie mle ndani ya kochi wanishonee. Nilimwangalia mke wangu nikitegemea radi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akaketi, na Mwalimu Mkuu akacheka, na Shemeji akacheka huku ameshika shavu. Mwisho na mimi nikacheka. Ningefanyaje?

Njiani kurudi mke wangu akasema mtu anayemfunika blanketi anayetaka kumuua hawezi kazi ya uuaji. Akanishika mkono. Hakuniachia mpaka mlangoni.

Jumatatu, 10 Machi

Maajabu! Nimekwenda kurudishia mshono, na Mwalimu Mkuu ameiomba simu yangu. Anaitaka! Wajukuu walimletea simu janja, na haiwezi. Kila asubuhi inamwuliza kama anakubali mabadiliko sasa hivi au atakubali baadaye. Kibonyezo cha kukataa hakuna. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa ruhusa shule nzima, leo kidude kinamlazimisha kukubali asichokisoma. Anataka simu inayoita, inayopokelewa, na inayosikika hata kupitia kochi. Tubadilishane.

Nilijifanya nafikiri. Nilifikiri muda usiozidi kupepesa macho. Nimerudi nyumbani nikikimbia na simu janja kifuani, imerudishwa kwenye boksi lake!

Mke wangu ameipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akaiwasha. Akasema ni nzuri sana, na kwamba kwa heshima ya Mwalimu Mkuu lazima ikae kwa mtu ambaye vitu havimwanguki na kujishonea.

Kisha akanikabidhi ya kwake.

Jumanne, 11 Machi

Siku njema. Mke wangu amenipiga picha nikiwa kazini, akamtumia kaka yake. Shemeji kajibu kwamba nimetoka vizuri. Nimefurahi, sifichi. Mke wangu ameuza hata kazi moja kwa picha ya kiti nilichokiweka dirishani kwa maonyesho, na mchana tumekula tukiangalia vitambaa, kichwa kwa kichwa.

Simu yake ya zamani iko mfukoni mwangu. Inavuta suruali upande mmoja. Nimemwuliza kama ile sheria bado ni ileile. Akasema ni ileile, hatununui nyingine na hii inapumua.

Nimelala chali kidogo kutafakari yaliyopita, maana mtu mwenye busara hujifunza kwa makosa yake. Kosa langu nimeliona. Sponji ilikuwa nyembamba. Kesho naletewa godoro la kushona upya, la futi sita kwa sita, nene kama ukuta.